Mafiga, Marumaru na Usahili wa Samani: Funzo kutoka Mukurweini

Aghalabu samani sahili za Ulaya ya Kaskazini hutajwa kana kwamba ni uvumbuzi usio na mfano kwingineko. Mwaka 1933, Alvar Aalto wa Ufini alibuni kigoda cha miguu mitatu ya mbao iliyopindwa. Mwaka 1963, Poul Kjærholm wa Denmark alibuni meza ambayo uso wake ni duara la marumaru lililolazwa juu ya fremu ya chuma. Kazi hizo hazina nakshi wala pambo. Mbao imeachwa iwe mbao, na jiwe liwe jiwe. Falsafa yake ni kuondoa kila kisichohitajika.

Hata hivyo, anayeichunguza falsafa hiyo kwa makini ataikuta jikoni Mukurweini, kusini mwa Nyeri. Mafiga ni mawe matatu tu, yasiyochongwa wala kupakwa rangi, nayo hukishika chungu imara hata sakafu isipokuwa sawa. Waswahili nao walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Lugha yenyewe ni shahidi: figa la Kiswahili ni ndugu wa ihiga la Kigikuyu, ambalo maana yake ni jiwe lolote. Jina la Mahiga, katika eneo jirani la Othaya, maana yake ni mawe. Kigoda cha mzee nacho kilichongwa kutokana na kipande kimoja cha mti, bila msumari.

Kinachosikitisha ni kwamba urithi huu umekatika mlangoni pa sebule. Mafundi wa Nyeri husifika kwa mawe ya kujengea, lakini ndani ya nyumba hizo za mawe hutawala makochi makubwa yaliyofunikwa vitambaa. Jiwe limeruhusiwa kuwa ukuta. Halijaruhusiwa kuwa meza. Kitokacho Copenhagen huitwa usanifu. Cha kijijini huitwa ufukara.

Suala hili si la urembo pekee. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, hatua ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa mwaka 2023. Miaka hiyo ilifunza kwamba ufundi unaotegemea mbao pekee huyumba msitu unapofungwa.

Wapo watakaodai kwamba jiwe ni zito, na kwamba machimbo huacha mashimo ya hatari. Hoja hizo ni za haki. Lakini meza haihamishwi kila siku, na vipande vinavyokataliwa na wajenzi vyatosha kuanzia kazi pasipo kuchimba shimo jipya.

Hapa ndipo wajibu wa wana-Kiswahili unapojitokeza. Fundi mawe ana tindo, nyundo, timazi na istilahi tele za kutofautisha jiwe na jiwe, lakini ni nadra mtafiti kuketi naye na kuziandika. Tasnifu hurudia ushairi na riwaya, ilhali msamiati wa machimbo unazeeka pamoja na wenyewe. Kazi isiyo na jina katika lugha ya watu wake haifundishiki darasani, na sokoni huuzwa kwa jina la mgeni. Mtafiti aendaye Mukurweini na daftari lake atakuwa ameitumikia lugha na fundi kwa pamoja.