Kazi ya Kweli Haimtozi Mfanyakazi



Katika mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, njia za kujipatia riziki zinajulikana: kilimo, hasa cha kahawa kule Mbozi, biashara ndogondogo, na shughuli za mpakani Tunduma, panapopita barabara kuu na reli ya TAZARA kwenda Zambia. Kijana aliyehitimu chuo akarudi nyumbani Vwawa au Itumba, mama mwenye mtoto mchanga, na mtu mwenye ulemavu ambaye safari za kila siku humshinda, wote wanaposikia kwamba iko kazi ya kufanyia nyumbani kwa simu au kompyuta, mioyo yao huchangamka. Wana haki ya kuchangamka. Kazi hizo zipo. Wako watu wanaoishi kwa kutafsiri maandishi, kuandika yaliyosemwa katika kanda za sauti, kufundisha wageni Kiswahili, kutunza hesabu za biashara na kuchora matangazo, huku mwajiri akiwa mji mwingine au nchi nyingine.

Lakini penye mti mzuri ndipo nyoka hujificha. Yatupasa basi tufahamu jinsi udanganyifu huu unavyofanya kazi, ili tuutambue kabla haujafika kwenye akiba ya familia.

Kwanza huja ujumbe wa simu kutoka namba isiyojulikana: kazi ni kutazama matangazo au kubonyeza alama ya kupenda video, na malipo ni ya kila siku. Siku za mwanzo fedha kidogo hulipwa kweli. Malipo hayo ndiyo chambo. Baadaye mtu huambiwa aweke amana ili apande daraja na kulipwa zaidi. Tena aambiwe alete wenzake. Anapotaka kutoa fedha zake, hudaiwa "kodi" au "gharama ya kufungulia akaunti". Hakuna bidhaa iliyouzwa wala huduma iliyotolewa. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyemfuata, na wanapokoma kuja wapya, kila kitu hutoweka.

Hayo si mageni nchini kwetu. Mwezi Februari 2025 polisi waliwakamata watu katika mikoa kadhaa kuhusiana na mpango uliojulikana kwa jina la LBL, ambao wanachama wake walitoa kiingilio wakiahidiwa malipo kwa kutazama matangazo. Wenye umri mkubwa kidogo wanaikumbuka pia DECI, iliyokusanya fedha za watu wengi kwa lugha ya kupanda na kuvuna mpaka ilipozuiwa mwaka 2009. Viongozi wake, miongoni mwao wachungaji, walitiwa hatiani mwaka 2013. Tunalitaja hili kwa makusudi. Lugha ya imani ilitumika kufungua mifuko ya watu, na sisi tuliokabidhiwa uongozi katika jumuiya hatuna budi kuwa wa kwanza kulikumbuka.

Wako wasemao kwamba waliotapeliwa waliponzwa na tamaa. Methali ya tamaa mbele, mauti nyuma ni ya kweli, lakini haifai kuwa rungu la kumpigia aliyekwisha kuanguka. Wengi waliingia kwa sababu ya uhitaji, na kwa sababu aliyewaita alikuwa shemeji, mwanakwaya mwenzao au mwenzao wa VICOBA. Aibu tunayowatwika ndiyo ngao ya mwizi: aliyeibiwa hunyamaza, na jirani yake huibiwa kwa njia ileile mwezi unaofuata.

Dalili za kuangalia si nyingi. Kanuni ya kwanza ni kwamba kazi humlipa mfanyakazi; mfanyakazi hailipii kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 uliweka msingi kwamba wakala wa ajira asimtoze mtafuta kazi. Anayedai fedha ya fomu, ya mafunzo au ya "kuhifadhi nafasi" ajulikane alivyo. Pili, cheti cha BRELA huonyesha kwamba jina limeandikishwa. Hakimpi mtu ruhusa ya kupokea amana za wananchi, kwa maana ruhusa hiyo hutolewa na Benki Kuu. Tatu, kodi ya Serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, haitumwi kwenye simu ya mtu binafsi. Nne, usimpe mgeni kitambulisho chako cha NIDA, namba ya siri, wala laini yako ili fedha zisizo zako zipitie humo. Zikiwa ni fedha za wizi, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Ya tano inatuhusu hasa sisi wa mpakani. Kazi iliyotangazwa kuwa ya nyumbani ikigeuka ghafla kuwa ya kusafiri ng'ambo, tusimame. Tangu mwaka 2022 Wakenya na Waafrika wengine wamelazimika kuokolewa kutoka Myanmar, walikovutwa kwa ahadi za kazi nzuri, wakafungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa mtandao.

Hata kazi halali ina maswali yake ya haki. Mwezi Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililowapa Wakenya wengi kazi ya kuandaa taarifa za kufundishia akili mnemba, lilifunga milango yake nchini humo ghafla, na waliolitegemea wakabaki bila kipato. Kwa hiyo anayepata kazi ya namna hii aombe masharti kwa maandishi, ajue analipwa kiasi gani na lini, na asiache shamba au biashara yake mapema. Papa Leo wa XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo kwa kumkumbuka Leo wa XIII, aliyetetea haki za wafanyakazi katika waraka wa mwaka 1891, kwa kuwa akili mnemba inaleta changamoto mpya kwa heshima ya kazi. Suala hili basi si la vijana wa mjini peke yao.

Tunapendekeza mambo matatu. Kila jumuiya ndogo ndogo imteue mtu mmoja au wawili wenye ujuzi, ambao mwanajumuiya atawaonyesha tangazo la kazi kabla ya kutoa hata shilingi. Matangazo ya baada ya Misa na vikundi vya simu vya parokia visitumike kunadi mpango wowote wa fedha ambao haujachunguzwa. Na aliyetapeliwa asindikizwe polisi na wenzake, akiwa na kumbukumbu za malipo yake, na ujumbe wa kitapeli upelekwe TCRA kwa namba 15040.

Ndugu zetu wanaotafuta kazi wameonyesha kwamba wako tayari kutoa jasho. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba jasho hilo haliwi mavuno ya mtu mwingine.