Jeraha la Utotoni Ni Chanzo, Si Udhuru

Kila ninaposahihisha insha kuhusu Sauna katika Chozi la Heri, nakutana na makundi mawili ya watahiniwa. Kundi la kwanza huandika kwamba Sauna ni katili, mnafiki na mwizi wa watoto, likakomea hapo. Kundi la pili humwonea huruma hadi likamwondolea lawama zote: alibakwa na baba wa kambo, mamake akamsaidia kuavya mimba na kumwonya asimwambie mtu, basi hana hatia. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yamesoma nusu ya mhusika.

Ili tulielewe jambo hili, tutoke kitabuni kidogo tumtazame mtu aliyeishi. Aileen Wuornos alizaliwa mwaka wa 1956 katika jimbo la Michigan, Marekani. Mamake, aliyekuwa angali kijana, alimwacha pamoja na kakake Keith mikononi mwa babu na nyanya. Babake hakumjua, alifungwa kwa kosa la kumdhulumu mtoto, akajitia kitanzi gerezani mwaka wa 1969. Aileen alisimulia kwamba babu alimpiga na kumdhulumu kingono. Alipata mimba akiwa na miaka 14, na mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1971 akapewa walezi wengine. Mwaka huohuo nyanya alifariki, na punde Aileen akawa hana kwao. Alilala msituni na kuuza mwili ili apate chakula.

Kati ya 1989 na 1990, Aileen aliwapiga risasi na kuwaua wanaume katika jimbo la Florida. Alikiri kuwaua saba. Alihukumiwa kifo kwa mauaji ya sita, kwani maiti ya wa saba haikupatikana, akanyongwa? La, alidungwa sindano ya sumu tarehe 9 Oktoba 2002. Huyo ndiye anayeitwa muuaji wa mfululizo: mtu anayeua watu kadhaa kwa nyakati tofauti.

Je, utoto ulichangia? Naamini ulichangia sana. Mtoto anayepigwa na mtu anayepaswa kumlinda hujifunza kwamba nyumbani si salama na kwamba kusema hakusaidii. Huishi akiwa macho wakati wote, kama aliye vitani. Akiwa mtu mzima, sauti ya ukali tu huweza kumrudisha alikotoka. Mahakamani, Aileen alidai kwamba mwanamume wa kwanza alimshambulia naye akajitetea. Ni kweli kwamba mtu huyo aliwahi kufungwa kwa kosa la kingono, jambo ambalo baraza la wazee wa mahakama halikuelezwa. Hata hivyo, baadaye Aileen mwenyewe aliikana hoja ya kujitetea, akasema aliua ili aibe.

Sasa mtazame Keith. Alilelewa katika nyumba hiyohiyo, na hadi alipofariki kwa saratani mwaka wa 1976 hakuwa ameua mtu. Katika riwaya, Dick aliibwa na Sauna akalazimishwa kulangua dawa za kulevya, lakini alijinasua akatafuta riziki ya halali. Wasichana wengi mno wamedhulumiwa bila kumdhuru yeyote. Kwa hivyo, mtahiniwa anayeandika methali "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" na kuweka nukta hajajibu swali. Malezi huelekeza njia. Hatua huchukuliwa na mhusika mwenyewe.

Ukiulizwa ujadili iwapo Sauna ni mhalifu au mwathiriwa, onyesha mambo manne. Kwanza, aliyotendewa na aliyemtendea. Pili, walionyamaza, hasa mamake. Tatu, uamuzi alioufanya akiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Nne, walioumia kwa uamuzi huo: Dick, Mwaliko na familia iliyowapoteza. Kila hoja iambatane na tukio kutoka kitabuni. Ukiacha mambo mawili ya kwanza, utamhukumu bila kumwelewa. Ukiacha mawili ya mwisho, utawasahau watoto walioibwa, sawa na anayemhurumia Aileen akawasahau jamaa za wanaume saba.

Lakini hoja ambayo mimi huitafuta zaidi ni ile ya pili. Baba wa kambo alimjeruhi Sauna. Ukimya ukaliacha jeraha lioze. Lau angepata mtu mmoja wa kumsikiliza na kumwamini, huenda hadithi yake ingekuwa nyingine. Hata kwa Aileen, majirani, walimu na jamaa walikuwepo.

Nasisitiza hoja hii kwa sababu niliwahi kusoma insha iliyoanza na "Sauna" na kufikia ukurasa wa pili ikawa inasema "mimi". Ikiwa nawe unabeba jambo kama hilo, usidhani kwamba mwisho wako umeshaandikwa. Mwambie mwalimu unayemwamini, au piga simu bila malipo kwa nambari 116, inayowahudumia watoto nchini. Kama wa kwanza hatakusikiliza, mwambie wa pili.