Juu ya Bajaji, na Sisi Tulio Nazo

Katika mkutano wetu uliopita, maneno ya mwisho kabla ya kufunga mlango hayakuwa juu ya mishahara wala juu ya nyumba, bali yalikuwa juu ya bajaji. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba bajaji ni deni lenye magurudumu matatu. Mwingine akamjibu kwamba watoto wake wawili wamesomeshwa na bajaji moja. Wakapigiwa makofi wote wawili, na wengi wa waliopiga makofi mara ya kwanza ndio waliopiga na mara ya pili. Basi tumeona yafaa tuandike kidogo juu ya chombo hiki, asili yake na tabia yake, kisha tuseme bila kuficha yale tuyaonayo kwa wenye kukimiliki, ambao si wachache hapa Singida walio watumishi kama sisi.

Bajaji ni jina la ukoo. Jamnalal Bajaj alikuwa mfanya biashara wa India, mfuasi na rafiki wa Mahatma Gandhi, naye alifariki mwaka 1942. Kampuni ambayo leo yaitwa Bajaj Auto ilianzishwa na ukoo huo mwezi wa Novemba 1945 kwa jina jingine, na kuanzia mwaka 1948 ilikuwa ikiagiza vyombo vya magurudumu mawili na matatu kutoka ng'ambo na kuviuza kwao. Mwaka 1959 Serikali ya India iliipa ruhusa ya kuviunda yenyewe, ikafanya hivyo kwa mapatano na kampuni ya Piaggio ya Italia.

Hapo inafaa tusimame kidogo, maana habari ya hao Waitalia yapendeza. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Piaggio walikuwa wakiunda ndege mjini Pontedera. Vita vilipokwisha karakana yao ilikuwa imevunjwa kwa mabomu, na watu wa Italia hawakuwa na fedha za kununua motakaa. Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyezoea kazi ya ndege, akabuni skuta iliyotoka mwaka 1946, ikaitwa Vespa, maana yake nyigu. Mwaka 1948 kikatoka chombo cha magurudumu matatu cha kuchukua mizigo, kikaitwa Ape, maana yake nyuki. Katika kizazi hicho ndimo zilimotoka bajaji za kwanza za India. Kwa hiyo sisi wa Singida, ambao asali yetu ya Manyoni na Itigi yajulikana nchi nzima, tuna haki kusema kwamba bajaji ni mjukuu wa nyuki, na mlio wake hautukanushi.

Mapatano na Piaggio yalikwisha miaka ya mwanzo ya 1970, na Bajaj wakaendelea peke yao chini ya Rahul Bajaj, mjukuu wa Jamnalal, aliyeshika uongozi mwaka 1968 na kufariki Februari 2022. Siku hizo Serikali ya India ilikuwa ikipima idadi ya vyombo ambavyo kila kiwanda kiliruhusiwa kuunda, hata mtu aliyeagiza skuta alingoja miaka. Mwaka 1977 wakatoa bajaji yenye injini nyuma badala ya mbele, nayo ndiyo mama wa hizi tuzipandazo. Herufi RE zilizo katika jina lake zamaanisha neno hilo hilo, injini ya nyuma.

Jina limekwenda mbali kuliko kampuni. Ethiopia chombo hiki huitwa kwa jina hilo, na Jakarta kule Indonesia vile vile. Jirani zetu wa Mombasa huiita tuktuk, jina lililotoka Siam, ambayo sasa ni Thailand. Kwetu mtu hupanda TVS, iliyoundwa na kampuni nyingine kabisa ya India, akashuka akisema amekuja na bajaji. Pikipiki tuliiita kwa mlio wake, na chombo hiki tumekiita kwa ukoo wa mwenye kiwanda. Hatujui ni heshima ipi iliyo kubwa zaidi.

Sasa tabia yake. Sifa ya kwanza ya bajaji ni uchache wa vitu vyake. Injini ina silinda moja tu. Usukani ni wa mikono kama wa pikipiki, gia zabadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto, breki ni ya mguu, na magurudumu yote matatu ni ya kipimo kimoja, hata tairi moja la akiba hufaa popote. Fundi aliyejifunza kazi yake kwa pikipiki huifungua chini ya mti, akaifunga kabla ya jua kuchwa. Zile za zamani zilikunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi mwingi. Za siku hizi zina oili yake mbali, na yule asahauye kuibadilisha hujifunza kwa gharama.

Kasoro zake za asili ni zile za kila chombo chenye gurudumu moja mbele: ukikata kona kwa kasi kitaegemea upande, na ukiongeza ujinga kidogo kitalala. Mchanga haukipendi, na matope ya masika hayakipendi zaidi. Kiliundwa kwa miji yenye watu wengi na safari fupi. Kutoka stendi ya Misuna mpaka hospitali ya Mandewa, mama akiwa na mgonjwa wake, hatujaona chombo kinachofaa zaidi kwa bei hiyo. Lakini hicho hicho twakiona kikirudi kutoka vijijini na abiria watano, gunia la alizeti juu ya mapaja yao, na majogoo wawili wamefungwa miguu wakining'inia kando ya dereva. Kisha mwenye chombo hushangaa kwamba springi zimekatika kabla ya mwaka. Kanuni za mwaka 2010 zilizoingiza pikipiki na bajaji katika leseni za usafirishaji hazikukusudia hivyo, wala LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, haikukusudia.

Yafaa tuseme pia neno juu ya wale waliochagua motakaa. Wengi wetu, mkopo ukitoka, hununua Toyota IST. Ni motakaa nzuri, nasi hatuna ugomvi nayo. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 ikaacha kuundwa mwaka 2016, kwa hiyo kila IST iingiayo nchini leo imekwisha kuzeeka kwa mtu mwingine. Tofauti ni hii, kwamba IST hula mshahara na mwenyewe ajua kwamba inakula, na bajaji hununuliwa kwa tumaini kwamba itauongeza mshahara. Palipo na tumaini la faida ndipo jicho la mtu hupungua kuona.

Tuliwauliza wenzetu wenye bajaji wanaionaje. Mwalimu mmoja alisema hataiuza mpaka astaafu. Karani mmoja alilalamika juu ya spea za bandia, ambazo hufanana na za kweli mpaka kisanduku chake, na akasema ameacha kumtuma dereva dukani na sasa huenda mwenyewe. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alitujibu maneno ambayo tumeyakumbuka: "Bajaji haidanganyi. Ikitaka oili itasema, ikitaka breki itasema. Anayedanganya ni mimi, nikijifanya sijasikia kwa sababu hesabu ya leo nataka."

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Wenye bajaji wengi tuliosema nao waliisifu au kuilaumu kampuni, lakini tulipouliza chombo chao hupumzika siku gani, wengi walinyamaza. Tuseme hesabu ni shilingi 20,000 kwa siku. Kwa siku 30 mwenye bajaji hupata shilingi 600,000. Akiacha siku 4 za mwezi, moja kila juma, kwa kuosha, kukaza, kubadili oili na kumpumzisha mtu, hupata shilingi 520,000. Hizo shilingi 80,000 zilizopungua ndizo ambazo wenzetu wameshindwa kuziacha. Anayejua gharama ya kufungua injini iliyokauka oili, na siku ambazo chombo hulala kwa fundi bila kuleta hata senti, na afanye hesabu yake mwenyewe. Tena dereva ambaye hana siku ya kupumzika, akiona jioni imefika na hesabu haijatimia, atapakia watano, atakimbia kwenye kona, naye hufanya hivyo kwa amri yetu, hata kama hatukuisema kwa kinywa. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini za makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na aliyelileta jambo hilo Bungeni alikuwa Waziri wa Fedha wa wakati huo, Bwana Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi hapa hapa kwetu. Madereva walishukuru, na kwa haki. Lakini wenye vyombo wangapi walipunguza hesabu mwaka ule? Sisi hatukumsikia hata mmoja.

Lililo zito zaidi ni habari ya mkataba. Wasomaji wajua desturi hii: dereva huleta hesabu kubwa kidogo kwa muda uliopatanwa, na muda ukiisha bajaji huwa mali yake. Ni desturi njema. Dereva hukitunza chombo kwa kuwa ni chake cha kesho, na mwenye fedha hupata faida yake bila kumfuata mtu kwa fundi. Vijana wengi wa mji huu wamepata mali yao ya kwanza kwa njia hiyo. Lakini mikataba mingi tuliyoisikia iko vinywani mwa watu wawili, na vinywa viwili vikigombana hapana karatasi ya kuamua.

Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alimpa kijana bajaji kwa shilingi 25,000 kwa siku, siku 26 za mwezi, kwa miezi 20, jumla shilingi 13,000,000. Kijana akaleta miezi 15 bila kukosa, yaani shilingi 9,750,000. Mwezi wa kumi na sita akaugua, akalazwa, akakaa siku 19 bila kuleta kitu. Siku ya ishirini mwenzetu alikwenda nyumbani kwa kijana, akapokea ufunguo mkononi mwa mkewe, akaondoka na bajaji. Alisema mkataba umevunjika.

Tulikaa nao wote wawili. Kijana alisema maneno machache: kwamba chombo kilibaki siku 130 kiwe chake, na kwamba mkewe alitoa ufunguo kwa kuwa alidhani bajaji yaenda kwa fundi. Mwenzetu naye tulimsikiliza, maana ana neno. Bajaji ile aliinunua kwa mkopo, na mkopo hukatwa katika mshahara wake kila mwisho wa mwezi, dereva akiwa mzima au akiwa mgonjwa. Sheria imemwekea theluthi moja ya mshahara isiguswe, naye alikwisha kufika katika theluthi hiyo. Mwezi ule nyumba yake ilikula kwa deni la dukani. Wala hakuwa mtu mwovu. Tumefanya kazi naye miaka mingi.

Lakini tulipomwuliza, je, walipopatana walisema nini juu ya ugonjwa, akajibu kwamba hawakusema kitu. Juu ya siku za fundi? Hawakusema. Juu ya faini, bima, ajali? Hawakusema. Walisema fedha tu. Sasa sisi watumishi wa Serikali, ambao kutwa twaandika majalada, na ambao hatumruhusu mwananchi achukue hata cheti bila kutia sahihi, twatoa mali ya shilingi milioni nyingi kwa kupeana mkono kando ya barabara. Na anayeumia kwa upungufu huo aghalabu ni yule asiye na mshahara.

Maoni yetu ni kwamba siku za ugonjwa uliothibitishwa na hospitali zisogeze mbele mwisho wa mkataba, zisiuvunje. Kwamba siku moja ya juma iwe ya chombo, bila hesabu. Na kwamba dereva aliyekwisha kuleta zaidi ya nusu asinyang'anywe chombo bila kurudishiwa sehemu ya fedha yake mbele ya mashahidi. Najua, tutaambiwa na wenzetu kwamba mkopo haungoji. Ni kweli haungoji, na kwa sababu hiyo mtu asikope mpaka theluthi ya mwisho, akitegemea afya ya mtu mwingine. Atie akiba ya mwezi mmoja kando kabla ya kununua. Kama hawezi, basi hajaweza kuwa na bajaji bado.

Tumeandika mfano wa mkataba, ukurasa mmoja, wenye nafasi ya sahihi za mwenye chombo, dereva, na shahidi wa kila upande. Nakala zitagawiwa katika mkutano ujao bila malipo, na wenye mikataba ya mdomo waombwa waje na madereva wao. Mwenzetu tuliyemtaja ameahidi kuhudhuria, na yule kijana amepelekewa barua. Tulipopita juzi nyumbani kwa mwenzetu, bajaji ile ilikuwa ingali uani, turubai limefunuliwa upande mmoja na upepo, na kuku watatu wamelala katika kiti cha abiria.