Nyumba ya bei ya chini, njia ya bei ya juu

MAISHA YA JAMAA

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo moja linalosumbua jamaa nyingi katika miji yetu ya shaba: kutafuta nyumba ya kupanga. Wengi wanaingia mjini na ulizo moja tu mdomoni: «Ni ngapi kwa mwezi?» Komisionere anataja bei, baba anahesabu mfuko wake, jamaa inahama. Nyuma ya miezi miwili feza inaisha mbele ya mwezi kwisha, na hakuna anayejua imekwenda wapi. Haikuibiwa. Imebaki njiani, kila asubui na kila mangaribi, katika mikono ya wenye taksibisi na moto.

Basi, tushike neno hili tangu mwanzo: bei ya nyumba si bei ya nyumba peke yake. Ni nyumba pamoja na njia.

Zamani nyumba ilifuata kazi

Wazee wetu wengi hawakujua taabu hii. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kujenga kambi kwa ajili ya wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Gécamines nayo iliendelea hivyo. Nyumba, masomo, hospitali na kazi vilikuwa karibu. Mtu alikwenda kazini kwa miguu ao kwa kinga, na mtoto alirudi kula bukari akiwa bado na nguvu ya kucheza.

Lakini katika mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Leo wengi wa watoto wao ni watu wazima, na wanapanga nyumba za watu. Makampuni mengi ya sasa hayapangi wafanyakazi wote katika kambi. Yanawapokea kwa bisi kwenye kituo, asubui sana, na kuwarudisha mangaribi. Kazi ile ambayo kampuni ilifanya zamani, kuweka nyumba karibu na maisha, sasa ni kazi ya baba na mama wenyewe.

Tuhesabu pamoja

Kamata kaye na kalamu. Hesabu hizi ni mfano tu. Wewe utaweka bei za kwenu.

Tuseme kuna nyumba mbili za vyumba viwili na salon. Ya kwanza iko mbali, pembeni ya mji: 120,000 franka kwa mwezi. Ya pili iko karibu na kazi na soko: 180,000. Wengi watasema mara moja: «Mama, tukamate ile ya mbali, bei iko chini. Nyumba ni nyumba, tunalalaka tu.»

Sasa weka njia. Baba anapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi. Kama kila gari ni 1,000, ni 4,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni 104,000. Mtoto mkubwa anakwenda masomo kwa gari moja kwenda na moja kurudi: 2,000 mara siku 22, ni 44,000. Mama anakwenda soko kubwa mara 12 kwa mwezi: ni 24,000. Jumla ya njia ni 172,000. Ongeza zile 120,000 za nyumba: unapata 292,000.

Nyumba ya karibu: 180,000. Wote wanatembea, na tuseme 20,000 ya gari kwa siku za mvua kali ao za mgonjwa. Jumla ni 200,000. Ile nyumba ya «bei ya chini» inakula 92,000 zaidi kila mwezi.

Na hatujahesabu saa. Baba anayepoteza saa tatu kwa siku njiani anapoteza saa 78 kwa mwezi. Zile ni saa za kuona kaye za watoto, za kusikia mke wake, za kupumzika. Kuna nyumba ambamo watoto wanamjua baba kwa viatu vyake mlangoni: anaondoka wamelala, anarudi wamelala. Tena fikiri juu ya binti anayerudi masomo ya nyuma ya mchana, giza imeingia na gari hazionekani. Hatari yake haiandikwi katika kaye.

Mbona tunakamata ya mbali?

Mara nyingi watu wanajua kuhesabu. Kinachowashinda ni garanti. Kwa nyumba ya 120,000, garanti ya miezi mitatu ni 360,000. Kwa ile ya 180,000 ni 540,000. Mtu hana zile 180,000 za kuongeza, basi anakwenda mbali. Lakini angalia: kwa mfano wetu, zile 180,000 zitarudi kwa miezi miwili tu, kwa sababu ya feza isiyobaki njiani. Ni heri kungoja zamu yako ya likelemba, ao kukaa miezi michache zaidi kwa yaya ao kwa mjomba kwa mapatano mazuri, kuliko kukimbilia nyumba itakayokula feza mwaka muzima.

Tena ujue haki yako. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanaomba sita, hata zaidi. Kama unaongea nao, ongea kwa heshima, lakini ongea: «Baba, minajua sheria inasema mitatu. Tusikilizane.» Pengine atakataa. Pengine atapunguza, maana lokatere anayelipa vizuri si rahisi kupata. Na usisahau: garanti ni feza yako. Unapotoka, kama hakuna deni na hukuharibu kitu, inapaswa kurudi kwako.

Pima kartie kwa miguu yako

Komisionere atakuambia daima: «Ni hapa karibu tu.» Karibu kwa nani? Kwa yeye anayekuja na moto? Wewe tembea.

Nenda saa kumi na mbili ya asubui, saa ile watu wanaondoka. Rudi tena mangaribi. Toka kwenye mlango wa nyumba na tembea mpaka kazini ao kituo cha bisi ya kampuni, mpaka masomo, soko, dispansere, na mahali pa kuteka maji. Angalia saa yako. Mtu mzima anatembea kilometa moja na nusu hivi kwa dakika 20. Kama vitu vinne kati ya hivi vitano viko ndani ya dakika 20, kartie ile ni nzuri kwa miguu. Kisha fanya njia ya masomo pamoja na mtoto mdogo. Mwendo wake si mwendo wako.

Kama inawezekana, nenda nyuma ya mvua. Kwetu mvua inaanza kunyesha hivi mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine. Njia nzuri ya mwezi wa saba inaweza kugeuka mutoni mwezi wa kwanza. Uliza mama jirani: «Mama, maji inafikaka wapi hapa?» Yeye hauzi nyumba, atakuambia kweli.

Kwa mfano, tutazame Lubumbashi. Kamalondo ni komini ya zamani, ya miaka ya 1920. Wakoloni waliiweka kando ya mji wa wazungu, na nafasi tupu katikati, lakini si mbali, maana walitaka watu wafike kazini kwa miguu. Kenya iko upande wake. Katuba na Ruashi zilikuja miaka ya 1950, na Ruashi iko mbali zaidi na mji. Ndiyo maana mtu wa Kamalondo ao Kenya anaweza kufika katikati ya mji bila kulipa gari. Lakini kila kitu kina upande wake: katika zile parsele za zamani jamaa nyingi zinakaa pamoja, choo ni kimoja, na usiku makelele hayakosi. Anayependa kutembea akubali kukaa na watu.

Karibu, lakini karibu na nini?

Kwetu katika mahali pa migodi, kuna ukaribu usiofaa. Huko Kasulo, kartie ya Kolwezi, tangu mwaka wa 2014 watu walichimba kobalti ndani ya parsele, hata chini ya nyumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walipima watu wa huko, na katika mwaka wa 2018 walitangaza kwamba walikuwa na kobalti mwilini kupita watu wa kartie nyingine isiyochimbwa, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Basi, ukiona shimo limefunikwa kwa mabati, nyufa mpya kwenye ukuta, ao depo ya mawe ya madini mlango kwa mlango, pita. Bei ile ya chini italipwa na kifua cha mtoto.

Na barabara ya malori? Kama mtoto anapaswa kuvuka njia ya malori ya madini mara mbili kwa siku, usiseme masomo ni dakika kumi. Tafuta nyumba upande ule ule wa masomo.

Mbele ya kutoa feza

Ona mwenye nyumba mwenyewe, si komisionere peke yake. Uliza majirani na shefu wa kartie kama parsele haina mabishano ya uriti. Omba fakture za mwisho za SNEL na REGIDESO, usirithi deni la mtu. Fungua robine, washa taa. Andikeni mapatano, na andikeni hali ya nyumba: kioo kilichovunjika, mlango usiofunga. Kila feza unayotoa ipate karatasi yenye tarehe na sahihi. Usitoe garanti usiku, wala bila shahidi.

Neno kwa vijana

Vijana mnaotaka kuoana, musitafute nyumba ya kuonyesha wageni. Vyumba viwili ambavyo mnaweza kutoka kwa miguu vinapita salon kubwa ambayo mtaiona siku ya Mungu tu. Na wewe kijana mwanaume, usichague peke yako. Mara nyingi mama ndiye atabeba maji, makala na mtoto katika njia ile. Miguu itakayotembea iwe na neno katika kuchagua.

Muongee katika jamaa

1. Mwezi uliopita, nyumba yetu ilitumia ngapi kwa njia? Tuandike wote pamoja, watoto nao waseme.
2. Nani kati yetu anatembea zaidi, na nani aliulizwa mbele ya kuhama?
3. Tunaweza kuanza sasa kuweka feza ya garanti, hata kidogo kila juma?

Mwezi ujao tutaongea juu ya jamaa kadhaa kukaa katika parsele moja: maji, choo, watoto na heshima. Mungu awape nyumba njema na njia fupi.