Mgeni Naye Aandikwe Zamu

Kwenye mlango wa friji ya familia iliyonipokea Iowa, Marekani, kulikuwa na ubao mdogo mweupe ulioandikwa siku saba za wiki na kazi za nyumba. Kutoa taka, kijana wao. Kumtembeza mbwa, binti yao. Jumatano vyombo, yule kijana tena. Kila asubuhi kabla ya chai nilisimama mbele ya ubao ule nikausoma kuanzia juu hadi chini. Jina langu halikuwamo.

Ilikuwa Agosti 2013, nami nilikuwa na miaka 16, mtoto wa Newala ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa basi la kwenda Dar es Salaam. Nilikwenda kwa programu ya YES, ambayo Marekani iliianzisha mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakasome huko mwaka mmoja na kuishi katika nyumba za watu. Familia zinazowapokea hazilipwi. Hilo tuliambiwa kabla ya kuondoka, na ndilo lililonikaba koo. Watu hawanijui, hawanidai, wananilisha bure.

Siku ya tatu mama wa nyumba aligonga mlango wa bafu akauliza kama bomba limeharibika. Halikuharibika. Nilikuwa naoga kama tunavyooga kwetu. Nafungua, nalowa, nafunga. Najipaka sabuni, nafungua, najisuuza, nafunga. Anayeijua Newala atanielewa. Mchanga wa uwanda wa Makonde hunywa mvua yote, chemchemi ziko chini mabondeni, na maji ya bomba ni mpaka yasukumwe kwa pampu kupanda juu. Kwetu mabati hukinga mvua na kuipeleka kwenye tangi la saruji uani, na ikifika Septemba mama huyatoa maji yale kwa kopo huku akihesabu. Sasa mtoto wa nyumba ile alikuwa anapiga mswaki bomba likiwa wazi. Nilinyoosha mkono nikalifunga. Akanitazama, akalifungua tena. Hatukusemezana.

Kilichonitesa zaidi ni majina. Waliniambia niwaite kwa majina yao, baba mtu mzima mwenye mvi nimwite kama ninavyomwita mwenzangu wa darasani! Ulimi ulikataa. Kwa karibu wiki mbili sikuwaita chochote. Nikiwa na shida nilikwenda nikasimama karibu, nikakohoa. Baadaye nikapata njia: nikamwita mama yule kwa jina la binti yake, Mama Fulani, kama tufanyavyo. Alipoelewa maana yake alicheka, kisha akawapigia simu ndugu zake kuwaambia.

Lakini bado nilikuwa nimekaa kitini. Nikiinuka kubeba sahani, naambiwa acha, pumzika, umechoka na safari. Safari ya siku ngapi? Waliokulia huku kwetu wanajua jinsi mwali anavyowekwa ndani wakati wa unyago, analetewa chakula, hagusi kazi. Mwali lakini ana siku yake ya kutolewa, na anaijua. Mimi yangu sikuiona kwenye ule ubao. Wenyeji wangu walidhani wananiheshimu. Mimi nililala kila usiku nikijihesabu kuwa mzigo, na kwa sababu hiyo sikuthubutu kufungua friji nikiwa na njaa, ingawa waliniambia mara kumi nichukue nitakacho. Nani anafungua jungu la nyumba ambayo hajachotea maji?

Jumanne moja usiku, wote wamelala, nilichukua kalamu ya ubao. Nikafuta jina la kijana kwenye vyombo vya Jumatano, nikaandika langu.

Kesho yake kijana alishangilia. Mama hakusema neno. Jioni nilipakia mashine ya vyombo, nikaiwasha ikiwa na sahani nne tu, na hapo akanifokea kwa kupoteza umeme na maji, mimi, mtoto wa Newala, nafokewa kwa kupoteza maji! Aliponiona nimenywea alianza kuomba radhi. Hakujua kwamba usiku ule ndio niliolala usingizi wa kwanza Marekani. Mgeni hafokewi. Anayefokewa ni mtoto wa nyumba.

Leo mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi, na nisingeandika haya kama nisingekuja kufanya kosa lile lile, tena mara mbili chini ya paa moja.

Mwaka 2023, korosho zikiwa zimeanza kudondoka, nilimpokea mwanafunzi wa chuo kutoka Ujerumani aliyekuja kujifunza Kiswahili kwa miezi mitatu. Wajerumani si kioja huku kwetu, Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Hata hivyo alipoingia nyumba yangu tulihaha. Soda, kuku, kiti chenye mto. Mama yangu aliyekuwa amekuja kutoka Newala alimnyang'anya hata kikombe alichotaka kukiosha. "Mwanangu, huyu mgeni," alinikemea, kana kwamba mimi ndiye niliyempa.

Na kikombe kile kilioshwa na nani? Na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 13, aliyeletwa kwangu kutoka kijiji cha mbele ya Kitangari ili asome. Ananiita mama mdogo. Jioni aliyofika, kabla hata begi halijafunguliwa, nilimtuma ndoo. Kufikia mwezi wake wa pili kwangu alikuwa anateka maji, anafua, anafagia, anaosha vyombo vya mgeni, na daftari analifungua saa nne usiku. Nilimwona akisinzia juu ya hesabu na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona Iowa.

Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunaijua wote, na tunaitumia vibaya pande zote mbili. Mzungu hatumpi jembe hata siku ya tisini, anaondoka akiwa na picha za kuku aliokula na Kiswahili cha salamu. Mtoto wa ndugu tunampa siku ya kwanza, na halimtoki mkononi. Wote wawili ni wanafunzi waliolala nyumba ya watu, na wote wawili wanataka kitu kimoja, kazi inayolingana na ya wengine na saa ya kusoma isiyoguswa. Ningekuwa mkuu wa shule, kila mlezi anayemwandikisha mtoto wa ndugu yake ningemwomba ataje mbele ya mtoto saa hiyo ni ipi. Mwanafunzi kutoka ng'ambo huja na barua yenye maelezo kurasa mbili. Mtoto wa kutoka kijijini huja na begi na kuku wa zawadi, basi.

Basi nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikachora siku saba, nikaibandika mlangoni jikoni. Majina yetu, langu la kwanza. Mjerumani alipewa kuokota korosho, kuzitenga na mabibo, kuzianika, na alizichambua kwa makini mno, akawa anakataa hata zile nzuri. Wiki ya tatu ya kalenda ile alianza kugombana na mtoto wa dada yangu juu ya nani ameacha turubai nje mvua ikinyesha, na ugomvi ule ulikuwa kwa Kiswahili. Saa moja hadi saa tatu usiku meza ilikuwa ya madaftari, hakuna anayetumwa.

Mama alirudi kututembelea Desemba. Alisimama mbele ya ile kalenda, akasoma taratibu kwa kidole, siku moja baada ya nyingine. Akanigeukia.

"Mimi humu mmeniweka wapi?"

Tukamwandika Jumamosi, kuchambua korosho.