Dereva wa matatu ana kikomo cha saa, budako hana

Hakuna rais amewahi kuwa na nguvu kama mzee wa Kikenya akiwa ameshika usukani safari ya Desemba. Yeye ndiye anaamua mtatoka saa ngapi, dirisha lifunguliwe ama lifungwe, redio iwe kwa stesheni gani, na kama haja yako ni ya dharura ama unaweza kungoja mpaka Nakuru. Upinzani upo, lakini umekaa nyuma, katikati, umeshikilia sufuria magotini.

Kabla mnivamie kwa komenti, wacha niseme wazi: mimi ni shabiki wa safari ya familia. Kwetu ni kupita Maseno kidogo, karibu kilomita 380 kutoka Nairobi, na hiyo barabara naipenda. Napenda pale baada ya Limuru, Bonde la Ufa likifunguka ghafla na kila mtu ananyamaza, hata yule huongea bila breki. Napenda lile kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Kila mwaka mathe husema "siku moja tutasimama hapa", na kila mwaka tunapita tu. Napenda mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwa karatasi. Napenda Kericho, majani chai huku na huku mpaka macho yanachoka kijani. Na bango la ikweta pale Maseno, manze, ukiliona unajua huko nyumbani kuna kuku ameanza kukimbizwa.

Kero pia nazijua. Gunia la unga kwa buti, na tunaenda mahali wanalima mahindi. Mdogo wetu anayeanza kutapika kabla hatujafika Naivasha. Kebo moja ya chaji, simu sita. Halafu yale maswali: "Na wewe, chuo uliacha kabisa ama umepumzika tu?" Unaulizwa gari likiwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Utashukia wapi?

Hizo ni kero za kucheka. Kuna moja haichekeshi, na ndiyo imenifanya niandike: mzee akichoka, hakuna mtu kwa gari anathubutu kumwambia.

Angalia vile safari hupangwa. Mzee ameenda kazini siku nzima. Jioni amepeleka gari kwa fundi. Usiku amepanga mizigo mpaka saa sita, kwa sababu hakuna mwingine anajua kupanga buti. Halafu saa tisa usiku anaamsha watu: "Twendeni, tutangulie foleni." Kila mtu anaingia ndani, anajifunika leso, analala. Mtu aliyelala saa mbili peke yake ndiye amebeba nyinyi wote.

Na wakati wenyewe ni mbaya. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi ndipo mwili hudai usingizi kwa nguvu zaidi, hata kama umekunywa kahawa. Hapo ndipo tunamtuma mzee apite Kinungi kwa ukungu, nyuma ya malori. Hesabu ni rahisi: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, macho yakifumba sekunde nne tu, gari limeenda kama mita 110. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira, na zaidi, na hakuna mtu anaendesha.

Sasa sikiza hii. Sheria ya trafiki ya Kenya inamwekea dereva wa matatu na wa lori kikomo cha saa 8 kwa kila saa 24. Yaani serikali iliona kwamba hata mtu ambaye kazi yake ni kuendesha lazima apumzike. Budako, ambaye mwaka mzima huendesha kutoka nyumbani hadi kazini, hana kikomo. Desemba, safari ya saa saba inaweza kugeuka ya saa kumi na mbili, na bado atakwambia "niko sawa".

Hiyo barabara nayo haisamehi. Mwisho wa 2017, basi na lori ziligongana Migaa na watu zaidi ya 30 wakafa. Juni 2023, lori liliparamia watu na magari pale Londiani Junction, zaidi ya 50 wakafa. Sisemi hao madereva walikuwa wamelala. Ninachosema ni kwamba unaweza kuwa hujakosea chochote na bado ukahitaji kila sekunde ya macho yako.

Wengi wetu hunyamaza tukisema ni heshima. Mtoto hamwambii baba amechoka. Mimi nakataa. Heshima ni kumjali mzee afike, akae chini ya mti wake, asalimiwe na wazee wenzake. Kumwangalia akipiga miayo mara kumi kutoka Gilgil huku umeweka vipokea sauti kwa masikio ni uoga tu, na mathe anakujua.

Kwa hivyo Desemba hii jaribuni hivi. Mtoke kukicha. Foleni mtaikuta, sawa, lakini mtaikuta mkiwa macho. Mizigo mpange nyinyi vijana siku moja mbele, mzee alale. Simameni kila baada ya saa mbili, angalau dakika 15, gari lizimwe, watu washuke. Usimwambie "Baba, umechoka", atakataa. Mwambie, "Baba, mama anataka chai." Hapo hakuna mzee hukataa.

Na kama uko na leseni, na bima ya gari inakukubali, omba kipande. Usiombe mteremko wa Salgaa, wewe bado ni mgeni kwa malori. Omba Awasi hadi Ahero, tambarare, mchana, ukichunga ng'ombe na boda boda. Mzee atasema hujakomaa. Si uongo wote, uzoefu ana yeye. Lakini uzoefu wa mtu aliyelala haumsaidii yeyote.

Mwaka jana wangu alinipa hicho kipande. Dakika kumi za kwanza alikanyaga breki ambayo haikuwepo upande wake. Halafu akatulia, akaanza kuangalia nje, akasema miaka yote hiyo hakujua mashamba ya mpunga ya Ahero yanapendeza hivyo. Karibu na Kisumu akaniuliza kuhusu kazi yangu ya video. Hakuuliza chuo. Aliuliza vile nalipwa, nani hunisaidia, kama huwa nalala vizuri. Maswali ya mtu anayetaka kujua. Sidhani angeyauliza nyumbani tukiangaliana usoni, na akiwa ameshika usukani huwa hana nafasi ya kuuliza chochote ila "nani ameachilia mlango?"

Hiyo ndiyo sababu bado natetea safari ya familia hata fare ya basi ikiwa nafuu. Ni saa nane hivi ambazo hakuna mtu anaweza kuondoka mezani. Lakini zinataka dereva aliye macho, na abiria wanaoweza kufungua mdomo.

Haya, mko kwa siti ya nyuma mnasoma hii. Nani kwenu huruhusiwa kumwambia mzee asimame? Kama jibu ni "hakuna", anza wewe. Chai ya Nakuru si bei.