Wanawake wa Pujini Wasimuliwe Mpaka Lini?

Leo sina habari za bei ya karafuu wala za baraza la mawaziri. Leo nina ugomvi, na naomba mnivumilie hadi mwisho.

Anayefika Pujini, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, huonyeshwa magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala anayetajwa katika masimulizi kwa ukatili wake. Huonyeshwa na kisima. Huambiwa kwamba kisima kile kiligawanywa kwa ukuta kwa sababu mtawala alikuwa na wake wawili wenye wivu. Mmoja alishuka ngazi kuchota maji, mwingine alitumia ndoo na kamba, ili wasikutane. Mgeni hucheka, hupiga picha, huenda zake.

Mimi nauliza: wanawake hao wawili, wao wenyewe walisemaje? Hakuna ajuaye. Kwa karne kadhaa tumehifadhi wivu wao tu, tena kama walivyousimulia wengine.

Na ndiyo tabia yetu mpaka leo. Mwanamke wa Pemba akiugua moyo na akili, kila mtu ana kauli juu yake isipokuwa yeye. Mume atasema ana kiburi. Mama mkwe atasema ni mvivu. Jirani atasema kachezewa. Mganga atasema ana pepo mwenye madai yake. Akifika kituo cha afya ataandikiwa vidonge vya kichwa na kuambiwa apumzike. Siku akitoka nje anazungumza peke yake, wenye simu watampiga picha, na wenzangu wa magazeti watatafuta kichwa cha habari.

Mwenyewe hasemi "nina sonona". Hilo ni neno la vitabuni. Atasema ana mawazo, halali usiku, moyo unamwenda mbio, mwili mzito, hamu ya kitu hana. Ugonjwa mzima ameshautaja hapo! Lakini nani ameandika?

Tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya mtu mmoja mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema sonona huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kwamba duniani zaidi ya asilimia 10 ya wajawazito na waliojifungua karibuni huipata. Chukua kliniki ya mama na mtoto unayoijua wewe, hesabu waliokaa kwenye mabenchi, kisha niambie kama hilo ni jambo dogo.

Sasa basi, kuna njia inayoitwa usimulizi wa kidijitali. Ilianza California katika miaka ya 1990, na kituo chake leo kinaitwa StoryCenter. Watu wachache hukaa pamoja siku kadhaa na kusimuliana. Kisha kila mmoja hutunga kisa chake kwa maneno yake, hurekodi kwa sauti yake, huchagua picha zake, na mwisho hutoka video ya dakika mbili tatu. Huko Marekani imetumika pia katika afya ya akili ya wanawake wa Kilatina, wengi wao wahamiaji ambao lugha ya daktari si lugha yao. Karibu na sisi, nchini Uganda, mwaka 2007 mradi wa Silence Speaks na shirika la EngenderHealth walikaa na wanawake walioishi na fistula. Wanawake waliozoea kunong'onwa wakawa ndio wasimulizi.

Nasema njia hii ije Pemba, na ianzie hata Pujini. Lakini isije kama semina zilizoizoea posho. Iwe ya mwanamke mwenyewe na muuguzi wake, isiwe ya mfadhili na kamera yake. Nina masharti matatu.

Kwanza, kisa ni mali ya mwenye kisa. Sensa ya 2022 iliikuta Pemba na watu zaidi ya 540,000, na bado kila mtu ni jamaa wa mtu. Kuziba uso kwenye video hakutoshi, kwani sauti yenyewe ni jina. Sisi mtu akikohoa tu gizani tunajua mtoto wa nani! Basi yeye ndiye aamue kisa kisikike wapi na kwa nani. Akitaka asomewe na mwingine, asomewe. Akitaka picha ya mkeka au ya pwani badala ya sura yake, iwe hivyo. Na akisema futeni, ifutwe siku hiyo hiyo. Fomu aliyotia dole gumba siku ya kwanza isigeuzwe kamba ya kumfunga maisha.

Pili, msikilizaji wa kwanza awe mhudumu wa afya. Nesi anayepangiwa Pemba asikilize visa hivi kabla hajakabidhiwa dawati. Ajifunze kwamba mtu akisema "nina mawazo" hajapiga soga, ametaja maradhi. Wazimbabwe wametutangulia. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, waliofundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuwasikiliza. Hawakuanza na maneno ya kigeni. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na wasikilizaji hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika hata Zanzibar. Kwa hiyo msiniambie kusikiliza si tiba.

Tatu, kisa kisitangulie huduma. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Zanzibar ni moja, Kidongo Chekundu, nayo iko Unguja, ng'ambo ya bahari. Mtu akifunguliwa kidonda saa nne asubuhi, nani atakifunga saa kumi jioni, gari la mradi likiwa limesharudi Chake? Kama hakuna mshauri atakayebaki kijijini, warsha hiyo bora isifanyike.

Najua watakaonijia juu. Watasema Wapemba ni watu wa siri na dini inataka sitara. Naiheshimu sitara kuliko wanavyodhani. Lakini sitara ni kumfunika mtu aibu yake. Kumfukia mwenyewe akiwa hai ni jambo jingine. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Na mbona sitara hiyo haimlindi anapopigwa picha njiani?

Tena kunyamaza hakujatusaidia. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na wageni wakapata kichekesho cha kuandika. Unguja umati ulimuua mtu mwenye matatizo ya akili kwa kudhaniwa ndiye Popobawa. Hofu yetu ilisambaa bila idhini ya mtu yeyote, ikasimuliwa na kila mdomo isipokuwa wa mgonjwa. Siri gani hapo tuliyoilinda?

Wengine watasema mganga anatosha. Sigombani na waganga. Katika ngoma ya pepo mwanamke hupata nafasi ya kusema asiyothubutu kuyasema jikoni. Pepo hudai kanga mpya, hudai pete, hudai mume apunguze ukali, na mume husikia, hutoa. Swali langu ni moja tu: kwa nini pepo asikilizwe kabla ya mke?

Na kuna huzuni ambazo hazina pepo. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Pemba, na watu wapatao elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2002 ilitaja mauaji, ilitaja na ubakaji. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Zikaundwa hesabu, zikasomwa hotuba. Hesabu ya waliokufa tumebishana nayo sana. Hesabu ya wajane na akina mama wanaoshtuka usingizini kila upepo ukivuma, nani amebishana nayo? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hatujaiuliza.

Kwa hiyo Wizara ya Afya Zanzibar, namba yenu ya simu kila kituo kinayo. Anzeni na kituo kimoja, wanawake wachache, mshauri mmoja anayekaa hapo hapo. Vyuo vinavyofundisha wauguzi, ingizeni visa vya wenye maradhi kwenye masomo, kwa ridhaa yao. Mashirika, leteni simu na mafunzo, kamera za matangazo ziacheni Dar. Na wenzangu wa habari, kisa kisichotolewa kwetu tukiache kilipo, hata kama kingeuza gazeti.

Anayepinga aje na hoja, uwanja uko wazi. Ila kabla hajaja, amuulize kwanza mama yake usiku analalaje, kisha anyamaze amsikilize mpaka amalize.